Namba Iliyoandikwa kwa Mkaa

Nyuma ya mlango wa stoo nyumbani kwetu kuna namba iliyoandikwa kwa mkaa: 315. Mama aliiandika mwaka 2010 na hajawahi kumruhusu mtu aifute. Nyumba imepakwa chokaa mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili mlango ule umerukwa.

Mwaka huo mama alikuwa mhudumu wa zahanati. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupiga deki chumba cha kujifungulia, kuchemsha vifaa, kuchota maji, na usiku ambao muuguzi yuko peke yake, kumshikia taa. Mwajiri wake alikuwa halmashauri ya wilaya. Mimi nilikuwa Hombolo, Chuo cha Serikali za Mitaa, nje ya Dodoma mjini, nikisomea kazi ninayoifanya mpaka leo, utendaji wa kijiji.

TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lilikuwa limetangaza mgomo wa nchi nzima kuanzia Mei 5. Dai kubwa lilikuwa kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 315,000 kwa mwezi. Kima cha chini serikalini wakati huo kilikuwa 104,000. Mei 3 Rais Kikwete akazungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, akasema wazi kwamba serikali haina uwezo wa kulipa kiwango hicho. Tulimsikiliza redioni, wanafunzi kumi na watano tumebanana kwenye kitanda cha chini na sakafuni. Mgomo haukufanyika. Julai kima cha chini kikasogea mpaka 135,000.

Niliporudi likizo nikaikuta ile namba mlangoni. Nikamwuliza mama ni ya nini. Akasema, "Hiyo ndiyo hesabu ya nyumba hii, mwanangu. Wameisema watu wa chama, na mimi nimeipiga mwenyewe, inakubali." Alikuwa ameketi kwenye kigoda akajumlisha ada ya mdogo wangu, mahindi, mafuta ya taa, nauli, matibabu ya bibi, na ikamtokea humo humo karibu na laki tatu.

Nimekuwa mwanachama wa TALGWU, chama chetu cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, tangu nilipoajiriwa mwaka 2012. Kila mwaka Mei Mosi inapokaribia watu huniuliza nyongeza ya asilimia ngapi itatangazwa. Ninawaelewa. Lakini miaka hii imenionyesha kwamba asilimia hutangazwa uwanjani, na mshahara wa mtumishi wa halmashauri hupatikana kwingine kabisa, kwenye majalada, kwenye ikama, ile orodha ya nafasi za kazi na mishahara yake, na kwenye madaftari ya watu ambao hakuna kamera inayowafuata. Nataka kuandika juu ya huko kwingine.

Kwanza nimalize habari ya 315.

Kati ya 2010 na 2015 kima cha chini kilipanda karibu kila mwaka, mpaka kikafika 300,000. Mama, kwa kuwa alikuwa na miaka mingi kazini na nyongeza zake za mwaka, aliivuka 315,000 mwaka huo wa 2015. Alinipigia simu. "Leo nimeiona ile namba kwenye slipu," akasema. Kisha akanyamaza kidogo, akaanza kunitajia bei ya sukari. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Desemba 2011 peke yake mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 19.8. Laki tatu na kumi na tano ya mlangoni na laki tatu na kumi na tano ya kwenye slipu zilikuwa hazifahamiani tena.

Baada ya hapo mambo yakasimama. Kima cha chini kilibaki 300,000 kuanzia 2015 hadi katikati ya 2022. Nyongeza za mwaka nazo kwa sehemu kubwa zikasimama, na upandaji wa madaraja ukasimamishwa kwa muda mwaka 2016 ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Unafuu uliokuja ulikuwa wa kodi, pale kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kiliposhushwa kutoka asilimia 11 hadi 9, na baadaye 8. Julai 2022 ndipo kima cha chini kilipofika 370,000. Maana yake ni kwamba kiwango ambacho chama kilisema mwaka 2010 kuwa mtu hawezi kuishi chini yake kilikuja kuvukwa na kima cha chini miaka 12 baadaye. Mama alikuwa ameshastaafu tangu 2020.

Na kustaafu si mwisho wa mshahara. Mafao ya mtumishi hupigwa kutokana na mshahara wake wa mwisho mwisho na miezi aliyotumikia. Mtu aliyekaa miaka mitano bila nyongeza, kisha akastaafu, anaondoka na ile miaka mitano ndani ya pensheni yake, na ataishi nayo mpaka afe. Hili huwa silisikii likisemwa sana. Tunapozungumza kuhusu kikokotoo, ile kanuni ya kupiga mafao, tunabishana juu ya mkupuo, zile fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, kama uwe asilimia 33 au 40 au 50. Ni ubishi wa maana. Ila asilimia yoyote ile ni ya kitu fulani, na hicho kitu ni mshahara.

Sasa, kwa nini iwe vigumu hivi kwa mtumishi wa serikali za mitaa hasa?

Jaribu kumtafuta mwajiri wangu. Barua yangu ya ajira imeandikwa na halmashauri. Mshahara wangu unatoka Hazina. Halmashauri inasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Ngazi ya mshahara, ile TGS na herufi yake, inapangwa na Ofisi ya Rais, Utumishi. Ukiwa na madai, kila mlango unaogonga una sababu ya haki kabisa ya kukuelekeza mlango wa pili. Manahodha wengi, chombo huenda mrama; na aliyemo ndani ya chombo ni mhudumu wa zahanati mwenye watoto wanne.

Halafu kuna historia, ambayo niliisoma Hombolo kwa ajili ya mtihani na nikaja kuielewa nikiwa kazini. Mfanyakazi wa serikali za mitaa Tanzania anaishi katika nyumba mbili ambazo zote ziliwahi kubomolewa. Vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa mwaka 1964 baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari. Badala yake ikaundwa NUTA, chama kimoja chini ya TANU. Ikaja JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991, na ni baada ya sheria ya vyama ya 1998 kuanza kufanya kazi mwaka 2000 ndipo vyama vya sekta, TALGWU kikiwemo, vilipopata kusimama kwa miguu yao vyenyewe. Nyumba ya pili ni halmashauri zenyewe. Zilifutwa mwaka 1972 kwa mpango wa madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza upya kazi mwaka 1984. Mama aliajiriwa mwaka 1986. Halmashauri iliyomwajiri ilikuwa na umri wa miaka miwili.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba chama chetu hakina meno kama vya nchi nyingine, huwa namkumbusha umri wake. Njia ya mgomo katika utumishi wa umma nayo ni ndefu na nyembamba kisheria. Kazi kubwa inafanyika mezani, chini ya sheria ya majadiliano ya 2003, na katika mabaraza ya wafanyakazi ya kila halmashauri, ambako bajeti hupitishwa mbele ya wawakilishi wa watumishi kabla haijaenda mbele. Nimewahi kukaa kwenye baraza hilo. Ni mkutano wa makabrasha mazito, soda moja na maji, na kurasa za ikama zenye herufi ndogo sana. Usipokuwa na mtu anayejua kusoma kurasa zile, utapiga makofi na kuondoka bila kujua kwamba jina lako halimo.

Sisi tulikuwa na mtu huyo.

Alikuwa karani wa masijala, na mwenyekiti wa tawi letu kwa miaka mingi. Sitamtaja jina, kwa sababu amestaafu na hapendi. Sote tulimwita Mzee. Masijala ni kile chumba kinachotunza majalada ya watumishi, na kwa halmashauri yetu kilikuwa chumba chenye dirisha moja, rafu za mbao, na harufu ya karatasi kuukuu na dawa ya mende. Mzee alilijua kila jalada kwa unene wake. Ukiingia ukasema salamu, mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye rafu yako.

Lakini kitu ninachotaka kukuonyesha si majalada ya serikali. Ni daftari lake. Kaunta buku la kwaya tatu, gamba gumu jekundu, mgongo umefungwa gundi ya turubai. Ndani alikuwa ameligawa kwa rula na kalamu ya bluu: jina, cheki namba (namba ya mtumishi kwenye mfumo wa mishahara ya serikali), tarehe ya kuajiriwa, daraja la sasa, tarehe ya barua ya mwisho ya kupanda, tarehe mshahara ulipobadilishwa kweli, na mwisho kabisa, safu aliyoiita "tofauti". Safu hiyo aliijaza kwa penseli, kwa kuwa ilikuwa inabadilika kila mwezi. Mtu akipandishwa daraja Januari na mshahara ukabadilika Oktoba, tofauti ya miezi tisa ni fedha anazoidai serikali. Hayo ndiyo malimbikizo. Wengi wetu hatukuwa tunajua tunadai kiasi gani. Tulijua tu kwamba tunadai. Mzee alijua mpaka shilingi ya mwisho.

Kila robo mwaka alikaa chini, akanakili ile safu ya penseli kwenye karatasi safi, akaipeleka kwa katibu wa chama mkoani, na nakala kwa afisa utumishi. Bila kelele. Alikuwa anasema, "Ukidai 'malimbikizo yetu', utaambiwa yanashughulikiwa. Ukidai milioni mbili, laki nne na elfu kumi na sita ya mtu fulani mwenye cheki namba fulani, lazima mtu afungue mfumo aangalie." Nimekaa kwenye semina nyingi za utetezi wa haki za wafanyakazi zenye projekta na chakula cha mchana. Sijasikia jambo lililonifaa kuliko hilo.

Mstari wangu katika daftari lile ulikuwa na kasoro iliyoniuma kwa miaka minane. Barua yangu ya kupanda daraja ilitoka mapema 2016. Ilitakiwa iingizwe kwenye mfumo wa mishahara, ikachelewa mezani kwa mtu, na Juni upandaji ukasimamishwa nchi nzima. Wenzangu wawili ambao barua zao ziliingizwa wiki mbili kabla walipanda. Mimi nikabaki. Upandaji ulipofunguliwa nikawekwa nyuma kwenye tange, ile orodha ya ukubwa kazini, kama vile miaka yangu haikuhesabika. Nilipanda mwaka 2021, kwa barua mpya yenye tarehe mpya.

Nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilimwambia Mzee afute mstari wangu wa zamani, aandike wa mwaka 2021. Alikataa. Aliuacha mstari wa 2016 ulivyo, akaongeza wa 2021 chini yake, akaunganisha miwili hiyo kwa mabano. Akasema, "Binti yangu, usinisaidie kuwasaidia wakusahau."

Vyama vilikuwa vimelishikilia suala hilo kitaifa, watu waliopoteza miaka yao, na jibu likaja kwa neno ambalo sasa kila mtumishi analijua, mserereko. Yaani yule aliyecheleweshwa anapandishwa tena bila kungoja muda wa kawaida, ili awafikie wenzake. Ulipofika wakati wa kupeleka majina, ulitakiwa uonyeshe kwamba ulistahili lini na kwa barua ipi. Jalada langu lilikuwa na barua ya 2021 peke yake. Ile ya 2016 haikuwemo, na sijui ilikwenda wapi. Nakala yake ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya kaunta buku jekundu, kwenye ukurasa wenye mabano. Nilipata mserereko mwaka 2024. Nilipoona mshahara umebadilika nilikwenda nyumbani kwa Mzee na kilo mbili za sukari na kitenge cha mkewe, nikashindwa kusema neno lolote.

Vijana wanaoajiriwa sasa huniuliza: chama kinatufanyia nini zaidi ya fulana ya Mei Mosi? Siwalaumu. Ada inakatwa kila mwezi, nao wana bodi ya mikopo ya elimu ya juu inayochukua asilimia 15 ya mshahara, benki, na wengine wameshaingia kwenye ile mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu. Huwa nawaambia waje masijala. Wachache huja. Nadhani chama kina kosa lake hapo: kazi yake iliyo bora ndiyo ile isiyoonekana, na hakijajifunza kuionyesha.

Mwaka 2022 uliwauma wengi kwa sababu hiyo hiyo ya kutosoma. Ilitangazwa asilimia 23.3. Mitaani watu wakaanza kuizidisha kwa mishahara yao. Fundi wangu wa nguo akanipandishia bei. Julai ilipofika, asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000, na sisi wa ngazi za juu yake tukakuta kiasi kidogo sana. Kwangu ilikuwa elfu ishirini na kitu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya watumishi watu waliweka picha za slipu zao mpaka usiku wa manane, wengine kwa hasira, wengine kwa huzuni. Mzee alikuwa amenionya tangu Mei. "Soma 'kima cha chini', halafu ndiyo usome asilimia."

Kwa hiyo Mei Mosi ya 2025 ilipoletwa kwetu Singida, nilikwenda nikiwa na masikio mawili. Tulitoka wilayani alfajiri kwa basi la kukodi, fulana mpya na kofia, upepo wa Mei wa Singida unaokata midomo. Tulipita kando ya Ziwa Singidani jua likichomoza juu ya yale mawe makubwa. Uwanja wa Bombadia ulikuwa umejaa. Mzee alikuja naye, mstaafu sasa, akakaa kwenye kiti cha plastiki alichokibeba mwenyewe. Rais Samia alipotangaza kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, uwanja ulilipuka. Mhudumu wa ofisi yetu, mama mmoja ambaye nimefanya naye kazi miaka tisa, alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Alikuwa analia. Asilimia ile ilikuwa yake hasa, ya watu wa ngazi yake, na nilifurahi nayo kuliko ambavyo ningefurahia yangu.

Mzee alikuwa ameshatoa kalamu. Akampigia hesabu palepale nyuma ya ratiba ya sherehe. Laki tano. Toa asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa pensheni, 25,000. Toa asilimia 3 ya bima ya afya, 15,000. Kodi: 475,000 iliyobaki baada ya mfuko, ondoa 270,000 isiyotozwa, asilimia 8 ya kinachobaki ni 16,400. Inabaki 443,600, kabla ya ada ya chama na mikopo. Akamkabidhi karatasi. Mama yule aliikunja akaiweka ndani ya kitenge, mahali pa kuwekea pesa.

Lazima niseme na jambo linalonisumbua mimi, na ambalo ningependa chama kilipiganie kwa sauti kubwa zaidi. Ni la watu ambao asilimia haiwafikii kabisa kwa kuwa hawamo kwenye hesabu inayopigwa.

Mimi ni mtendaji wa kijiji. Pamoja na kuandika mihtasari ya mkutano mkuu, kusuluhisha mipaka ya mashamba, kuandikisha vifo, na kuamshwa usiku mtu akiumwa na nyoka, ninakusanya ushuru. Kwetu ni alizeti, vitunguu na mnada wa mifugo. Nina mashine ya POS, ya kutolea risiti, mkononi. Ninachokusanya lazima kifike benki, na ole wake mtendaji anayekutwa ametumia fedha mbichi, yaani kabla hazijafika benki. Mapato hayo ndiyo yanayoitwa mapato ya ndani. Zamani halmashauri zilikuwa na kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, iliyofutwa mwaka 2003. Watu walifurahi, na kwa haki, kwa sababu ilikuwa inakusanywa kwa kufukuzana porini. Lakini tangu hapo halmashauri za vijijini zimekuwa zikitegemea ruzuku kutoka juu kwa karibu kila kitu, na kilichobaki cha kwao ni kidogo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ukashushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja hatozwi. Ni nafuu kwa mkulima, na mama yangu ni mkulima sasa, sina ugomvi nayo. Ila huko huko kwenye mapato ya ndani ndiko wanakolipwa watu wa mkataba ambao Hazina haiwajui: walinzi, wasafishaji, wakusanya ushuru, madereva wengine.

Mlinzi wa zahanati ya kijiji changu ni mmoja wao. Ana upinde, tochi ya betri mbili na koti la jeshi alilonunua mtumbani. Ukifika msimu wa alizeti, analipwa. Masika yakiwa mabaya na mnada ukafungwa kwa ugonjwa wa mifugo, halipwi, miezi miwili, mitatu. Hakuna siku aliyoacha lindo. Na mimi ndiye ninayekusanya fedha zile. Ninaingia mnadani asubuhi, nikiona ng'ombe ni wachache, ninajua tayari, kabla ya mkurugenzi, kabla ya mweka hazina, kwamba yule bwana hatalipwa mwezi huo. Jioni napita mbele yake ananiamkia, "Mtendaji, habari za mnada?" Anauliza kwa heshima. Anajua kwamba najua.

Chama kimekuwa kikitaka watumishi wa namna hii wahamishiwe kwenye malipo ya Hazina. Hilo ndilo dai ambalo lingenifanya niandamane pasipo fulana. Sisi watendaji wa vijiji tuna letu pia. Bajeti ya 2021/22 iliwapa watendaji wa kata na maafisa tarafa posho ya 100,000 kwa mwezi. Sisi wa vijiji zaidi ya 12,000 hatukuwemo, na kijijini ndiko kila agizo linakoishia. Natamani posho ile. Lakini nikiambiwa nichague moja, nitamchagua mlinzi kwanza, kwa kuwa mimi mshahara wangu, uwe mdogo vipi, unaingia.

Agosti iliyofuata ile Mei Mosi, Mzee aliniita kwake. Mkewe alinikaribisha chai ya maziwa, tukaongea habari za mvua. Kisha akaleta lile daftari jekundu, limefungwa ndani ya mfuko wa mbolea ili lisilowe. Mwenyekiti mpya wa tawi alikuwa ameshachaguliwa, kijana hodari mwenye kompyuta. Mzee akasema kompyuta ni nzuri, ila mtu wa kulishika daftari lazima awe anayefika vijijini. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa bado na kurasa kumi na moja tupu.

Niliporudi nilipitia zahanati. Jua lilikuwa linazama, yule mlinzi amekaa kwenye gogo anafunga kamba ya kiatu. Nikamwomba jina lake kamili, la kwake, la baba na la babu. Akashangaa, akanitajia. Nikaandika. Tarehe ya kuanza kazi, akaikumbuka mpaka siku. Nikafika safu ya cheki namba.

"Hiyo sina, mtendaji," akasema.

Nikaiacha wazi, nikapiga rula chini ya jina lake kwa kalamu ya bluu, kisha nikachukua penseli nikamwuliza ni miezi mingapi.

"Minne," akasema, "ukihesabu na huu."